Kimya cha Mpiga Nyuzi Nane

En Mana Kuoyo ilitoka mwaka 1993, na Kodhi ikatoka mwaka 2015. Na katikati ya albamu hizo mbili, ukiitoa Tanguru ya mwaka 2007 iliyofanywa pamoja na wanamuziki wa Ulaya, mpenzi wa nyatiti, lile zeze la nyuzi nane la Waluo, hakuwa na kipya kikubwa cha kununua kutoka kwa mpigaji wake Ayub Ogada. Miaka 22 ni umri wa kijana wa kuoa, na kwa mtunzi ambaye nyimbo zake zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari ni kimya kirefu mno, ambacho hakikuniacha nistarehe tangu nilipoziona tarehe hizo zimekaa pamoja. Ogada mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa, maana alifariki tarehe 1 Februari 2019 huko Nyahera, juu ya Kisumu. Basi swali langu nikalipeleka kwa mtu wa jamaa ya chombo chake, mpiga obokano ya Wagusii mmoja wa upande wa Nyamira, si mbali na Keroka, mzee aliyeridhia kusema nami kwa sharti kwamba jina lake lisitiwe gazetini.

Kabla ya kunijibu alinitaka niitazame kwanza obokano yenyewe, kwa kuwa, kwa maoni yake, watu wa magazeti hupenda kuuliza habari za mpigaji na kusahau kwamba kilichoimba ni mti na ngozi. Obokano ni nduguye nyatiti, nyuzi nane kwa nyuzi nane, lakini ni ndugu mwenye kifua kipana: bakuli lake limechongwa katika gogo na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, fito mbili zimechomoza humo kwenda juu, na juu ya fito hizo umelazwa mti wa kukingama ambao nyuzi zimefungiwa juu ya vitambaa, ili mpigaji akizungusha fundo kidogo tu, uzi upande au ushuke. Zamani nyuzi hizo zilikuwa kano za ng'ombe. Leo aghalabu ni mishipi ya nailoni, ile ile wanayovulia samaki ziwani. Sauti yake iko chini sana, hata wataalamu wa muziki wameilinganisha na lile zeze kubwa la Kizungu ambalo mpigaji wake hulipiga akiwa amesimama.

Walakini kilichoniteka si uzito wa sauti, ni mvumo wake. Kila uzi unapoguswa huacha nyuma yake mngurumo mkavu wenye kutetemeka, ambao hulikwaruza sikio la mgeni na kumfanya adhani kwamba kuna kitu kimelegea, ilhali hakuna kilicholegea. Mzee aliniketisha karibu na ngozi, akapiga uzi mmoja mara nyingi kwa taratibu, mara mvumo ukiwa mwingi na mara ukiwa haba, akanieleza kwamba kuupata kadiri ipasavyo ni kazi kubwa kuliko kuyapata maneno ya wimbo, kwa sababu mvumo ukizidi huyafunika maneno, na ukipungua maneno hubaki uchi. Akiisha kuupata ndipo huimba, na huimba kwa sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza na wageni wake, akiwataja waliohudhuria, akiwasifu wakarimu na kuwachoma wabahili, ili wimbo wa arusi ya leo usiweze kuwa sawasawa na wimbo wa arusi ya wiki ijayo.

Hapo ndipo chombo hiki na chumba cha kurekodia hukosana. Mzee alisimulia, bila ya kinyongo, kwamba aliyepata kumrekodi siku moja alimwomba auondoe ule mvumo, akidhani ni kasoro ya waya zake. Naye akaona afadhali aondoke yeye pamoja na obokano yake. Na hata panapokuwa na masikilizano, taa nyekundu inapowaka humpata mwimbaji ukutani peke yake, hana wa kumsifu wala wa kumchoma, naye hutakiwa aurudie wimbo vile vile alivyouimba kwanza, jambo ambalo, kwa mtu wa kazi yake, ni sawa na kutakiwa asiwaone watu.

Habari za Ogada wasomaji wengi wanazo, nami sitazirefusha. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akiitwa Job Seda. Akapita katika bendi za Nairobi, Black Savage na African Heritage Band, na akaonekana katika filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985. Kisha mwaka 1986 akaichukua nyatiti yake hadi Uingereza, akawa akiwapigia wapita njia wa London mpaka watu wa tamasha la WOMAD wakamsikia, na kwa mlango huo akaingia katika studio za Real World za Peter Gabriel. Mwaka 2007 alirejea Kenya, akaweka maskani Nyahera, na huko ndiko mpiga gitaa wa Uingereza, Trevor Warren, alikomfuata wakashirikiana katika Kodhi.

Nilipomweleza mzee hayo, na kumwuliza kwa nini mtu aliyefunguliwa mlango mkubwa namna ile akae miaka yote hiyo bila ya kuupita tena, alilikataa swali lenyewe. Alisema kwamba mimi nahesabu santuri, na mpiga nyuzi huhesabu jioni. Na kwamba haiwezekani mtu mwenye nyatiti nyumbani kuishi miaka 22 asiipige, isipokuwa amekatika vidole. Kwake yeye, kimya kilikuwa cha wanunuzi, si cha Ogada.

Nilitamani kuridhika na jibu hilo, maana ni zuri na limetoka kwa mwenye haki ya kulitoa, lakini lina upande mwingine usioniridhisha. Katika miaka hiyo hiyo sauti ya Ogada haikukaa kitako: wimbo wake wa Kothbiro uliingia katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005, na mwaka 2018 Kothbiro ile ya Black Savage, ya miaka ya 1970, ikasikika ndani ya wimbo wa Kanye West uitwao Yikes. Rekodi, kwa hiyo, hutembea hata mwenyewe akiwa amelala, na palipo na sheria na wenye kuifuata huweza kumrudishia riziki. Mzee wa Nyamira naye amerekodiwa, na mara nyingi, kwa kaseti zamani na kwa simu sasa, arusini, mazishini na mikutanoni. Na nilipoomba nisikilize mojawapo, alinijibu kwamba hana hata moja. Waliorekodi waliondoka nazo.

Wako wanaojaribu njia nyingine. Ketebul Music ya Nairobi, pamoja na Abubilla Music ya London, katika mradi wao wa Singing Wells, hubeba vyombo vya kurekodia na kuvipeleka vijijini, ili mpigaji aimbe akiwa kwao na watu wake wakiwa mbele yake. Mzee aliipenda habari hiyo, akauliza kama watakubali mvumo ubaki. Nikamjibu kwamba nadhani watakubali. Akauliza tena kama watamwachia nakala, na ikiwa wimbo utasafiri mpaka Marekani, ni nani atakayekuja Nyamira kumwambia kwamba umefika. Na swali hilo la mwisho nalileta kwenu kama lilivyo, kwa sababu nilipokuwa naye sikuwa na la kumjibu, na hata sasa sina.