Vikomo vya Masafa katika Mashine Zinazoongozwa na Kompyuta

Lengo la makala haya ni kufafanua istilahi zinazohusu vikomo vya mwendo katika mashine za kuchonga chuma na mbao zinazoongozwa na kompyuta. Neno likikosewa hapa, hasara si ya lugha peke yake: chombo huvunjika, na pengine fundi huumia.

Fundi wa karakana ya shamba la mkonge huko Korogwe, anayekereza shafti ya korona kwa mashine ya mkono, hulinda kazi yake kwa jicho. Vivyo hivyo seremala wa Handeni. Mashine ya kuchonga iliyoongozwa kwa tarakimu ilionyeshwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952. Mashine ya namna hiyo haina jicho. Hufuata namba tu, na namba hizo lazima ziwekewe mwisho.

Tuanze na mhimili. Watumishi wa serikali hulijua neno hili katika mihimili ya dola, na walimu katika mhimili wa dunia. Katika mashine, mhimili si shafti wala nguzo, bali ni mstari wa kufikirika ambao meza au kichwa cha mashine husogea juu yake. Urefu wote unaoweza kupitiwa tunapendekeza uitwe masafa. Tunajua kwamba redio nayo ina masafa mafupi na marefu, lakini muktadha hutenganisha maana hizo. Neno safari halifai, kwa kuwa huleta picha ya msafiri mwenye nia.

Mwisho wa masafa hulindwa na mambo matatu. La kwanza ni kizuizi, yaani chuma kinachoizuia meza isiendelee. La pili ni swichi inayokata mwendo meza inapoigusa. La tatu ni namba iliyowekwa katika kompyuta, ambayo mashine hukataa kuivuka. Wako wafasiri watakaovutwa kuandika “kikomo kigumu” kwa swichi na “kikomo laini” kwa namba. Tafsiri hiyo inapotosha, maana msomaji atadhani mwisho mmoja ni wa chuma na mwingine wa sponji. Tunapendekeza kikomo cha swichi na kikomo cha hesabu.

Mfano utasaidia. Tuseme masafa ni milimita 500 kutoka kizuizi hadi kizuizi. Meza inayokwenda milimita 200 kwa sekunde, ikipunguza mwendo kwa milimita 1,000 kwa sekunde katika kila sekunde, huhitaji milimita 20 ili isimame. Kwa hiyo swichi huwekwa milimita 25 kabla ya kila kizuizi, na kikomo cha hesabu milimita 5 kabla ya swichi. Masafa ya kazi yanayobaki ni milimita 440.

Wahenga walisema mbuzi hula urefu wa kamba yake. Kikomo cha hesabu ndiyo kamba hiyo, na kamba hupimwa kutoka kwenye kigingi. Kigingi cha mashine tunakiita chanzo. Katika mashine nyingi, umeme ukikatika mashine husahau mahali ilipo. Hivyo ni lazima kwanza irudishwe kwenye chanzo. Kabla ya hapo vikomo vya hesabu havina maana, na ulinzi uliobaki ni swichi na kizuizi.

Mfasiri achukue hadhari kubwa zaidi katika maelekezo yafuatayo. Meza ikigusa swichi, fundi hutakiwa kubonyeza kitufe cha kuachilia na kuirudisha polepole upande ilikotoka. Yakiandikwa “ondoa kikomo,” fundi ataelewa kwamba auondoe ulinzi wenyewe. Kinachotakiwa ni “ondoka kwenye kikomo,” na upande wa kuelekea utajwe.

Kwa muhtasari, tunapendekeza:

Mhimili – mstari wa kufikirika wa mwendo.
Masafa – urefu wote wa mwendo katika mhimili mmoja.
Kizuizi – chuma cha mwisho wa masafa.
Kikomo cha swichi – mahali ambapo swichi hukata mwendo.
Kikomo cha hesabu – namba ambayo mashine haikubali kuivuka.
Chanzo – mahali ambapo vipimo vyote huanzia.

Tunawaomba walimu na mafundi wazijaribu istilahi hizi karakanani, kwani neno lisilokubalika mbele ya mashine halitadumu kitabuni.