Wanawake wangapi wako kwenye shirika la umeme? Swali hilo pekee halitoshi

Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam kuunga mkono Mission 300, mpango wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Afrika bado ina karibu watu milioni 600 wasio na umeme.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo itafanywa na mashirika ya umeme. Ndiyo maana siku hizi wakopeshaji huuliza pia: shirika hili linamtendeaje mwanamke, mtu mwenye ulemavu na mtu wa kipato cha chini?

Kazi ya kutafuta jibu inaitwa tathmini ya usawa wa kijinsia na ujumuishi wa kijamii. Jina ni refu, lakini maswali yake makubwa ni mawili tu: nani anafanya kazi ndani ya shirika, na nani anapata huduma nje?

Idadi ya jumla inaficha mengi

Shirika likiulizwa kuhusu jinsia, mara nyingi huanza na asilimia ya wafanyakazi wanawake. Ni mwanzo mzuri, lakini asilimia hiyo inaweza kukudanganya.

Chukua mfano wa nishati jadidifu. Mwaka 2019 shirika la kimataifa la IRENA lilitoa ripoti iliyoonyesha wanawake ni asilimia 32 ya wafanyakazi wa sekta hiyo duniani. Ukiigawa namba hiyo, picha inabadilika: kwenye kazi za utawala wanawake walikuwa asilimia 45, kwenye kazi za sayansi na uhandisi asilimia 28.

Kwa hiyo anayetathmini hauliza "wangapi?" tu. Anauliza wako wapi. Mapokezi na uhasibu, au pia kwenye vituo vya kupozea umeme na timu za kupanda nguzo? Wangapi waliomba kazi, wangapi waliitwa kwenye usaili, wangapi walipandishwa cheo, na wangapi waliacha kazi baada ya kujifungua?

Kenya, Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Na kuanzia 2017 hadi 2022 KenGen iliongozwa na mwanamke, Rebecca Miano. Ni hatua kubwa, lakini tathmini haiishii kwenye kiti cha mkurugenzi. Inashuka mpaka kwenye gari la mafundi.

Sera ipo kabatini, kazini je?

Huku chini ndiko mambo yanakojulikana. Mkanda wa usalama wa kupandia nguzo unamkaa sawa fundi mwenye mwili mdogo, au ni saizi moja kwa wote? Timu ikiwa porini siku nzima, choo kiko wapi? Anayetoka zamu saa sita usiku anafikaje nyumbani?

Sheria nazo zinatoa vipimo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inampa pia mama muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Kwa mfanyakazi wa ofisini hilo linawezekana. Kwa fundi aliye kilomita 60 kutoka nyumbani, shirika lisipopanga ratiba, haki hiyo inabaki kwenye karatasi.

Kisha kuna rushwa ya ngono, ambayo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Shirika likisema halijapokea lalamiko hata moja, usishangilie haraka. Huenda hakuna tatizo. Huenda pia watu hawajui pa kulalamika, au anayepokea malalamiko ndiye bosi mwenyewe.

Nje ya ofisi: bei nafuu inamfikia nani?

Upande wa wateja huwa unasahaulika, na ndiko walengwa wengi waliko.

Mfano mzuri ni LUKU. Kwa viwango vilivyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa kundi la D1, anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi, alipangiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Kundi la T1, la matumizi ya kawaida, lilipangiwa shilingi 292. Lengo la D1 ni kumlinda mwenye kipato kidogo.

Sasa fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba vitano na mita moja. Kila chumba kinatumia uniti 25: taa, simu, redio, feni. Kila mpangaji ni mtumiaji mdogo kabisa. Lakini mita inasoma 125, na nyumba nzima inahesabiwa T1.

Piga hesabu. Mpangaji ambaye kwa mita yake angelipa 2,500 analipa 7,300. Wakati huohuo, mwenye nyumba yake anayeishi peke yake na kutumia uniti 70 anabaki kwenye bei nafuu.

Hakuna aliyeandika kwamba wapangaji wabaguliwe. Ni utaratibu tu unaohesabu mita badala ya kaya. Ukiusoma mezani unaonekana sawa kwa wote. Ni lazima uingie kwenye nyumba za kupanga, kwa mama lishe na fundi cherehani, ndipo uone nani anaumia.

Kuunganishiwa umeme nako ni hivyohivyo. Ada ya shilingi 27,000 vijijini imewasaidia wengi, lakini haijumuishi kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Asiye na pesa hiyo anaangalia nguzo ikipita mlangoni huku yeye akiwasha kibatari, au anaangukia mikononi mwa vishoka.

Mwenye ulemavu anahudumiwaje?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Hicho ni kipimo cha ndani.

Kwa mteja, angalia vitu vidogo. Mita iko juu kiasi gani kwa anayetumia kiti cha magurudumu? Asiyeona anaweza kuingiza tarakimu 20 za LUKU kwa kupapasa vitufe, lakini atajuaje uniti zimebaki ngapi? Kiziwi ataripotije waya ulioanguka kama njia pekee ni kupiga simu?

Wewe unaingiaje hapa?

Shirika likiomba kubadili bei, EWURA huitisha mikutano ya taftishi ambapo wananchi hutoa maoni. Lipo pia baraza la watumiaji, EWURA CCC, linalopokea hoja za wateja.

Ukipata nafasi, uliza mambo matatu: takwimu zimegawanywa kwa ngazi na aina ya kazi? Malalamiko yanapokelewa na nani? Na bei ya mtumiaji mdogo inahesabu mita au kaya? La tatu ndilo linalogusa mfuko wa mpangaji kila anaponunua LUKU.