Kutengua, Kubatilisha na Kurudi Nyuma: Istilahi za Mashauri ya Mipaka ya Majimbo na Matokeo ya Uchaguzi

Magazeti ya Tanzania huandika kwamba mahakama "imetengua" matokeo ya uchaguzi. Ya Kenya huandika "imebatilisha" au "imefutilia mbali". Tofauti hiyo haimdhuru msomaji wa habari. Humdhuru mshauri wa sera, kwa kuwa yapo mashauri ambamo mahakama hutamka kwamba uchaguzi haukuwa halali, kisha ikauacha usimame.

Mfano ulio wazi unatoka Japani. Katika uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi wa Desemba 1972, kura ya jimbo lenye wapigakura wachache kuliko yote kwa kila kiti ilikuwa na uzito wa takriban kura tano za jimbo lililosongamana zaidi. Shauri lilihusu Jimbo la Kwanza la Chiba. Tarehe 14 Aprili 1976 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ugawaji wa viti ulikiuka Katiba na kwamba uchaguzi wa jimbo hilo haukuwa halali. Hata hivyo, haikuubatilisha. Hoja yake ilikuwa ya kiutendaji: majimbo yaliyopunjwa yangekosa wabunge wakati uleule Bunge lilipohitajika kurekebisha ugawaji. Kwa hiyo "kisicho halali" na "batili" ni istilahi mbili, na mfasiri anayezichanganya huigeuza hukumu.

Nchini India kilichosogezwa ni wakati. Tarehe 12 Juni 1975 Mahakama Kuu ya Allahabad ilibatilisha ushindi wa Indira Gandhi wa mwaka 1971 katika jimbo la Rae Bareli. Sababu mojawapo ni kwamba alitumia msaada wa mtumishi wa serikali baada ya kujitokeza kuwa mgombea. Rufaa ikiwa bado mahakamani, Bunge lilibadili maana ya "mgombea": ni yule tu aliyeteuliwa rasmi, na maana hiyo ikahusu hata chaguzi zilizokwisha kufanyika. Matendo yaliyotangulia uteuzi yakawa si ya mgombea tena. Tarehe 7 Novemba 1975 Mahakama ya Juu ilikubali sheria hiyo na Indira Gandhi akashinda rufaa, ingawa ilifuta kipengele cha nne cha Ibara ya 329A, kilichokusudia kuuweka uchaguzi wake nje ya mikono ya mahakama. Kwa maoni yangu, nusu hii ya pili ndiyo iliyo nzito, nayo husahauliwa.

Kiswahili cha sheria huieleza hali hiyo kwa fungu la maneno "itachukuliwa kuwa ilianza kutumika". Wakati ujao na uliopita hukutana katika sentensi moja, na msomaji huona dhahiri kwamba jambo linadhaniwa tu kuwa lilikuwapo. "Kurudi nyuma" hufupisha, lakini huficha dhana hiyo.

Katiba ya Kenya ya 2010 imejaribu kuzuia mgongano wa mipaka na wakati. Ibara ya 89 inaruhusu uamuzi wa mipaka upingwe Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu kuchapishwa katika gazeti la serikali. Aidha, uchaguzi mkuu ukiwa ndani ya miezi 12 baada ya mapitio kukamilika, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo. Siku 30 huhesabiwa kuanzia kuchapishwa. Miezi 12 kuanzia kukamilika kwa mapitio. Muhtasari unaoandika "kutangazwa" katika sehemu zote mbili unaweza kumpa mshauri tarehe isiyo sahihi ya kuanza kuhesabu.