Je, Injini Ndogo Itauvuta Mzigo wa Injini Kubwa?

Jioni moja alinijia jirani yangu, mzee aliyestaafu jeshini baada ya kuendesha magari ya serikali kwa zaidi ya miaka ishirini. Mkewe alikuwa nyuma yake, amebeba ungo wa maharagwe ya kuchambua, maana alijua mazungumzo yatakuwa marefu.

"Mwalimu," alianza (jina hilo limenishika tangu nilipopata cheti cha ualimu, ingawa leo kazi yangu ni ya mafaili), "nasikia Toyota wameing'oa V8 katika Land Cruiser, wakatia injini ya silinda nne. Hilo ni gari au ni cherehani?"

Swali hilo halikuwa la kupitishia wakati. Afande pamoja na wenzake wawili wameweka akiba kwa miaka katika chama chao cha mikopo, nao wanataka kununua pikapu ya kuchukulia mbuzi na nafaka kutoka Karamoja hadi Mbale. Wakikosea injini, akiba ya watu watatu na watoto wao imekwenda. Kabla sijajibu, mama naye akauliza lake bila ya kuinua macho kwenye ungo: "Na likiharibikia Karamoja usiku, ni nani atakayelifungua?"

Nilimjibu kwanza Afande, kwa kuwa swali lake lilikuwa rahisi zaidi.

Injini hupata nguvu kwa kuchoma mafuta, na mafuta hayawaki pasipo hewa. Zamani njia ya kupata hewa nyingi ilikuwa kuipa injini tumbo kubwa. Siku hizi hutiwa turbo, yaani kifeni kinachozungushwa na moshi unaotoka, nacho kikaisindilia hewa ndani ya silinda kwa nguvu. Hivyo tumbo dogo hushiba kama kubwa. Litazame Land Cruiser la namba 70, ambalo askari wengi wa Afrika wanalijua kuliko wanavyozijua nyumba zao. Lilianza kutengenezwa mwaka 1984. Mwaka 1990 likapata injini iitwayo 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, nguvu za farasi kama 130. Hiyo ndiyo Afande aliyoiendesha. Mwaka 2007 ikaja V8 ya dizeli, lita 4.5, yenye turbo na kompyuta. (Huku kwetu V8 limekuwa jina la cheo kuliko jina la injini, mtu husema "amepata V8" kana kwamba amepandishwa daraja.)

Mwaka 2023 Toyota wakatangaza kwamba gari lilo hilo litatiwa injini ya silinda nne, lita 2.8. Afande alicheka. Lakini tazama hesabu. V8 ilikuwa na nguvu za farasi 205. Hii ndogo ina 204. Tofauti ni farasi mmoja, na huyo mmoja hata dereva hodari hatamtambua. Tena katika nguvu ya kuzungusha magurudumu, ile inayoling'oa gari lenye mzigo kutoka matopeni, V8 ilitoa nyutoni-mita 430, na hii ndogo, ikifungwa pamoja na gia zinazojibadilisha zenyewe, hutoa 500. Nchini Australia, ambako magari haya hufanya kazi migodini na mashambani, V8 ilifikia mwisho wake mwaka 2024.

Kwa ndugu yake mkubwa, Land Cruiser 300 lililotokea Juni 2021, mambo yalikuwa hayo hayo. V8 ya dizeli ya lita 4.5 ilipisha V6 ya lita 3.3, na nguvu ya kuzungusha ikapanda kutoka 650 hadi 700. Gari lenyewe likapungua uzito kiasi cha kilo 200, na gia zake za kujibadilisha zikawa kumi.

"Basi cherehani inavuta," akasema Afande.

Inavuta, naam. Lakini yafaa kujua kwamba mabadiliko haya hayakufanywa kwa ajili ya barabara ya Kotido. Serikali za nchi tajiri zimeweka sheria kali juu ya moshi, na huko Ulaya mtengenezaji huhesabiwa wastani wa hewa chafu ya magari yote anayoyauza, akizidisha hutozwa faini. Injini ndogo hula mafuta machache na kutoa moshi mchache. Hiyo ndiyo sababu kubwa, na sisi tunaipokea injini iliyozaliwa na sheria za watu wengine.

Hapo ndipo swali la mama linapoingia, nami nakiri kwamba lilikuwa zito kuliko la mumewe.

Ile 1HZ ya zamani husukumiwa dizeli na pampu ya vyuma vitupu, bila ya kompyuta. Fundi mwenye spana, tochi na subira aliweza kuifungua chini ya mti. Injini mpya ina bomba moja ambamo dizeli hukaa ikiwa imegandamizwa kwa zaidi ya baa 2,000. Ili msomaji apate picha, tairi la pikapu hujazwa baa mbili na nusu hivi. Dizeli hiyo hupita katika vitundu vyembamba mno vya nozeli, na kompyuta ndiyo inayoamua kila tone. Kazi hiyo ni ya ajabu kwa usahihi wake, ila haisamehe uchafu. Tone la maji au vumbi, ambalo injini ya zamani ingelimeza na kukohoa kidogo, laweza kuiharibu nozeli moja, na nozeli nne mpya ni fedha ya kulia.

Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni, na hilo lilikuwa jambo jema kwa mapafu ya watoto wetu na kwa injini pia. Lakini dizeli iliyopimwa bohari siyo lazima iwe ile inayouzwa kwa jerikeni kando ya njia, iliyomiminwa mara tatu kwa faneli yenye kutu.

Kuna na chujio la masizi. Hili hufungwa katika bomba la moshi la magari yanayouzwa penye sheria kali, likayanasa masizi, kisha likayachoma lipatapo joto. Gari likienda mwendo mrefu wa kasi, hujisafisha. Likiwa la safari fupi fupi, au mtambo wake wa kujisafisha ukiwa na kasoro, huziba. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Hilux, Fortuner na Prado zaidi ya 260,000 zilizouzwa huko tangu mwishoni mwa 2015 hadi 2020 zilikuwa na kasoro katika mtambo huo. Zote zilikuwa za dizeli, nyingi zikiwa na hiyo hiyo lita 2.8. Tukumbuke pia kwamba hata hesabu za nguvu za farasi si msahafu. Januari 2024 ilibainika kwamba kampuni shirika iliyozitengeneza injini hizo za dizeli ilikuwa ikizipima kwa programu ya kompyuta isiyokuwa ile ya magari ya kuuzwa, ili matokeo yaonekane laini. Toyota ikasimamisha upelekaji wa magari ya aina kumi, na kuuanza tena Machi.

Haya simwambii mtu aikimbie Toyota. Nayasema kwa sababu kampuni yenyewe inaelekea kujua kwamba dunia haina barabara moja. Ile 1HZ ya mwaka 1990 imeendelea kuuzwa Afrika na kwa mashirika ya misaada miaka mingi baada ya nchi tajiri kuiacha. Na kwa magari yajayo Toyota haikuchagua njia moja. Ilianza kuuza gari mseto, lenye petroli na betri pamoja, Desemba 1997. Gari la haidrojeni Desemba 2014. Na Mei 2024 ikaonyesha injini mpya za silinda nne, za lita 1.5 na 2.0, fupi na nyembamba zaidi, zilizobuniwa zishirikiane na mota ya umeme na zikubali hata mafuta yatokanayo na mimea. Hoja yake ni kwamba madini ya betri ya gari moja la umeme la safari ndefu yanatosha magari mseto 90. Wapinzani wake husema hiyo ni hoja ya mwenye kuchelewa. Mimi naona ina ukweli, ingawa msemaji wake ana bidhaa sokoni.

Hilux mpya, iliyoonyeshwa Bangkok Novemba 2025, ni mfano mzuri. Ipo ya dizeli ya lita 2.8, na nyingine yenye mota ndogo ya kuisaidia dizeli hiyo. Ipo ya umeme mtupu, na ya haidrojeni imeahidiwa kwa Ulaya mwaka 2028. Ile ya umeme ilimvutia sana Afande. Ina mota mbele na nyuma, kila moja ikizungusha ekseli yake, kwa hiyo hakuna shafti ndefu chini ya tumbo la gari, wala ile gia ya pili ambayo dereva aliyetota huipigania. Toyota inasema itavuka maji ya sentimita 70 sawa na ya dizeli.

"Na mzigo?" akauliza mama.

Kilo 715, ambapo ya dizeli hubeba tani moja. Tela kilo 1,600, ya dizeli 3,500. Mwendo kwa chaji moja ni kilomita 240 hivi, nayo Kampala hadi Moroto ni zaidi ya 400. Kwa polisi wa doria mjini, anayerudi kituoni kila jioni, gari hilo laweza kufaa sana. Umeme wetu watoka majini, na bwawa la Karuma peke yake lilijengwa kutoa megawati 600, ilhali kila lita ya dizeli yapanda meli kabla ya kufika kwetu. Kwa mbuzi wa Karamoja, bado.

Nilimweleza Afande kwamba injini ya lita 2.8 ni nzuri kwa mwenye dizeli safi ya kuaminika, mwenye fundi mwenye mashine ya kuisoma kompyuta, na mwenye akiba ya nozeli. Yeye alikuwa na spana.

Sheria ya Uganda tangu 2018 hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15, kwa hiyo walitafuta lililomo nchini. Wamepata habari za Hilux ya zamani huko Soroti, injini ya 5L, lita 3.0, haina turbo. Itapanda milima polepole kama mzee mwenye fimbo. Nilimwonyesha mama namna ya kulegeza skrubu iliyo chini ya chujio la dizeli, kukinga mafuta katika gilasi, na kuyaacha yatulie: maji yakiwamo, hushuka chini na kuonekana.

Juzi alfajiri niliwaona wakienda kupanda basi. Afande alikuwa na mfuko wa spana begani. Mama alikuwa na gilasi, na fedha zote za ununuzi zilikuwa kwake.