Mawimbi ya Ghuba ya Malindi Katika Msimu wa Kusi

Nahodha atwekaye tanga Vanga akashika njia ya kaskazini huandamana na mwamba wa matumbawe karibu safari yake yote, mwamba ambao mawimbi ya bahari kuu huvunjika juu yake mbali na nchi kavu na kuacha maji ya ndani yametulia. Lakini apitapo mji wa Malindi mwamba ule hukatika, na kuanzia hapo, kupita kinywa cha mto Sabaki na kuelekea Mambrui, hakuna kizuizi cha jiwe baina ya Bahari ya Hindi na ufuo. Wimbi lililozaliwa kilindini huja mpaka kwenye mchanga, likapinda na kuvunjika mbele ya macho ya mtu. Ndiyo sababu ghuba hii ni mojawapo ya mahali pachache katika mwambao wa Kenya ambapo mvuvi wa ngalawa, mwogeleaji, na kijana atelezaye juu ya mawimbi kwa ubao huamka na swali moja: leo na kesho bahari itakuwaje?

Swali hilo siku hizi hujibiwa kwa tarakimu zilizotolewa na mitambo mikubwa ya hesabu, na tarakimu hizo ni neema kubwa kwa mwenye kujua kuzisoma. Ila katika ghuba ya mchanga kama ya Malindi hazitoshi hata kidogo, kwa kuwa jambo liamualo wimbi litavunjika wapi na kwa ghadhabu gani limo chini ya maji, nalo hubadilika kila mvua ziletapo gharika katika mto.

Tuanze na upepo, maadamu upepo ndio mzazi wa mawimbi yote tunayoyazungumza hapa. Katika miezi ya kipupwe hewa nzito hukusanyika juu ya bahari iliyo karibu na visiwa vya Morisi na Réunion, ikamiminika kuelekea kaskazini-magharibi, ikaupiga mwambao wetu kutoka kusini na kusini-mashariki, kisha ikavuka ikweta na kupinda kwenda Arabuni na Bara Hindi. Hiyo ndiyo kusi. Huanza kuonekana mwezi wa Aprili, hupata nguvu zake kamili Juni na Julai, na hulegea taratibu kuingia demani. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa J. Findlater alibainisha kwamba kiini cha upepo huu hupita juu ya Kenya ya mashariki kikiwa mkondo mwembamba wenye kasi kubwa, kwenye kimo cha kilomita 1 hadi 1.5 tu kutoka ardhini. Lakini maarifa ya kuutumia yalikuwapo karne nyingi kabla ya vipimo vyake. Manahodha wa zamani walihesabu mwaka wao wa jua tangu Siku ya Mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua katika mwongo gani tanga litwekwe na katika mwongo gani chombo kipandishwe pwani. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiongozwa na rubani aliyepewa na sultani wa mji huo, akatia nanga Calicut tarehe 20 Mei. Safari hiyo ya siku 26 ilikuwa ni kazi ya kusi changa na ya ilimu ya rubani.

Ukubwa wa wimbi hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda uvumao bila kukatika, na upana wa bahari uliopitiwa na upepo huo. Kusi inayo yote matatu kwa wingi, kwani huvuma siku baada ya siku juu ya maelfu ya kilomita za maji matupu. Lakini upepo unaolivumia paji la uso wako si lazima uwe ndio uliolizaa wimbi linalokuja mguuni pako. Mawimbi yakishatoka mahali pa dhoruba huendelea na safari yenyewe, yakijipanga kadiri ya urefu wake, marefu yakitangulia na mafupi yakifuata nyuma, kwa kuwa katika kilindi wimbi refu lina mwendo wa kasi zaidi. Walter Munk, mwanasayansi aliyezaliwa Vienna mwaka 1917 na ambaye pamoja na Harald Sverdrup alibuni njia ya kutabiri mawimbi iliyotumiwa na majeshi yaliyoteremka pwani ya Ufaransa mwaka 1944, alithibitisha jambo hili kwa subira ya ajabu. Mwaka 1963 yeye na wenzake waliweka vipimo katika mstari mmoja kutoka New Zealand hadi Alaska, kukata Bahari ya Pasifiki nzima, wakayafuata mawimbi ya dhoruba za kusini kituo kwa kituo mpaka yalipokwisha nguvu katika ufuo wa kaskazini. Kabla ya hapo alikwisha kuona karibu na pwani ya California mawimbi yaliyotoka katika Bahari ya Hindi, karibu nusu ya mzunguko wa dunia.

Sasa tuitumie hesabu hiyo kwetu. Dhoruba ikichafua bahari kwenye latitudo ya 45 kusini, Malindi iko mbali nayo kiasi cha kilomita 4,600. Kundi la mawimbi ambayo kati ya kilele na kilele hupita sekunde 16 huenda kwa kasi ya kilomita 45 hivi kwa saa, basi litafika baada ya siku nne na ushei. Na lile la sekunde 12, likienda kilomita 34 kwa saa, litachelewa mpaka karibu siku ya sita. Kwa hiyo mtabiri anayeziona dhoruba za kusini katika picha za setilaiti anaweza kusema leo kitakachotokea mwishoni mwa juma, na mara nyingi husema kweli.

Walakini baina yetu na dhoruba hizo imesimama Bukini, yaani Madagaska. Ukitazama ramani ukiwa Malindi, kisiwa hicho kikubwa kimeziba upande wote unaoanzia kusini-mashariki hata kukaribia kusini kabisa, na mawimbi yajayo kutoka upande huo huishia kwenye miamba yake. Yanayosalia ni yale yapitayo katika mlango mwembamba wa bahari ya Msumbiji, na yale yatokayo mbali zaidi mashariki yakazunguka ncha ya kaskazini ya kisiwa. Ndiyo sababu mawimbi ya kila siku ya Malindi wakati wa kusi aghalabu ni mawimbi mafupi ya pepo za karibu, ya sekunde 7 au 8, yenye vurugu na povu jingi, ilhali yale marefu ya dhoruba za mbali huja kwa uchache, yakijificha chini ya yale mafupi. Mtu anayesoma utabiri akaona muda wa sekunde 14 katika ghuba hii na aelewe kwamba ameona jambo la kutiliwa maanani.

Tofauti baina ya sekunde 7 na 14 si ndogo kama inavyoonekana katika maandishi. Wimbi la sekunde 7 lina mita 76 tu baina ya kilele na kilele, na haligusi chini mpaka lifikapo kina cha mita 38. Wimbi la sekunde 14 lina mita zipatazo 306, nalo huanza kuhisi sakafu ya bahari kwenye kina cha mita 150, likapindishwa na kila tuta na kila bonde lililo chini. Na kwa kimo kilekile, la pili hubeba nguvu maradufu. Kimo nacho kisomwe kwa tahadhari: kile kiandikwacho katika utabiri ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa kuliko mengine, kwa hiyo palipoandikwa mita 1.5, katika saa chache za kungoja huenda likaja moja lenye karibu mita 3, bila ya mtabiri kuwa amekosea.

Upepo wa hapohapo ufuoni una hukumu yake pia. Alfajiri, ardhi iliyopoa usiku kucha hutoa umande, upepo mwanana utokao bara kwenda baharini, nao husafisha uso wa maji na kulifanya wimbi lisimame wima kitambo kabla ya kuanguka. Jua likipanda, ardhi hupata moto, hewa ya baharini huvutwa ndani na kuungana na kusi, na kabla ya adhuhuri uso wote wa ghuba umevurugika. Atakaye bahari safi katika Julai hana saa nyingi: ni baada ya sala ya alfajiri mpaka saa tatu hivi.

Kisha kuna maji kujaa na kupwa, ambayo katika mwambao huu ni makubwa: siku za bamvua tofauti yake hupita mita 3, na siku za maji mafu hushuka mpaka kiasi cha mita 1. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alasiri na hupwa karibu na saa nne asubuhi, kisha huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Baada ya juma moja mambo hupinduka, saa nne za asubuhi zikawa ndizo za kujaa. Wimbi huvunjika linapofika katika kina kisichozidi sana kimo chake, yaani wimbi la mita 1.5 huanguka kwenye maji ya mita 2 hivi. Basi maji yakishuka kwa mita 3, mahali pa kuvunjikia huhama mbali kabisa, kutoka ukingo wa juu ambapo wimbi humbwaga mtu juu ya mchanga mgumu, hadi kwenye mafungu ya nje.

Mafungu hayo ndiyo moyo wa jambo lote. Mchanga wake haukutoka baharini. Umeteremka na mto ambao huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukapokea maji ya Tsavo ukawa Galana, na kumwaga baharini kwa jina la Sabaki. Maji yakipwa, chota ukufi mmoja wa mchanga huo uuinamishe juani: utaona vipande vyembamba vya ulanga viking'aa kama dhahabu, na kando yake chembe nyeusi nzito ambazo wimbi limezichambua na kuzilaza kwa mistari. Hayo ni mawe ya bara, yaliyosagwa njiani. Wingi wa tope na mchanga huo ndio unaoyanyima matumbawe nafasi ya kujenga mwamba katika ghuba, na wingi wenyewe umezidi kwa mkono wa mwanadamu. Wataalamu waliochunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300, wakapima bariamu iliyofungika katika tabaka zake mwaka kwa mwaka, walionyesha katika utafiti uliotolewa mwaka 2007 kwamba mmomonyoko wa udongo ulianza kupanda sana mwanzoni mwa karne ya 20, kilimo kilipopanuka katika bonde la mto. Nasikitika kila ninapolifikiria hilo, kwa kuwa ufuo unaopanuka Malindi ni mashamba ya watu yanayopungua huko bara.

Wakati wa kaskazi tope la mto husukumwa kusini, maji mbele ya mji yakawa mekundu. Kusi huligeuza likaelekea kaskazini, maji ya mji yakatakata. Lakini gharika za Aprili na Mei huja kusi ikiwa bado inajikusanya, na gharika moja kubwa yatosha kulibomoa fungu la nje na kulijenga upya mahali pengine. Hakuna mtambo unaoliona badiliko hilo. Utabiri wa mita 1.8 waweza kuwa ule ule katika juma la kwanza na la tatu la Juni, na wimbi likawa zuri katika juma moja na katili katika jingine.

Mafungu pia huzaa hatari iliyo kubwa kuliko wimbi lenyewe. Maji yanayorushwa juu ya fungu na mawimbi yanayovunjika hayana budi kurudi baharini, nayo hutafuta pengo baina ya fungu na fungu, yakapita hapo kwa mkondo ambao kwa kawaida huenda nusu mita kwa sekunde na nyakati za nguvu hukaribia mita 2, mwendo wa mwogeleaji bingwa. Juu ya pengo hilo mawimbi hayavunjiki, kwa hiyo mgeni huliona limetulia, akalichagua.

Tufani kubwa za bahari ni adimu hapa, kwani karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuzisokota. Lakini tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, na tangu hapo hakuna mwenye haki ya kudharau onyo la Idara ya Hali ya Hewa.

Basi wewe ukusudiaye kuingia maji ya Malindi katika kusi hii, tazama kwanza muda wa mawimbi kabla ya kimo chake, chagua siku za maji mafu na saa za asubuhi kabla upepo haujapanda, kisha simama juu ya ufuo kwa robo saa ukitafuta kijia ambacho povu lake linavutwa nje, na umuulize mvuvi wa hapo fungu limekaa wapi mwezi huu. Ukinaswa na mkondo usishindane nao wala usiuelekee ufuo: ogelea sambamba na pwani mpaka utoke katika pengo, ndipo urudi pamoja na mawimbi.