Ngamia wa Nani?

Mbuzi wa jirani akiingia shambani Zombe na kula kunde, kesi yake haichukui muda. Mwenye shamba humkamata, humfunga chini ya mti, kisha hutuma mtoto kwa mwenyewe. Wakishindwa kuelewana wao wawili, huitwa wazee wa utui, yaani wa kijiji. Hao huenda kulitazama shamba kwa macho yao, wakapima kilicholiwa na kukata malipo. Pengine ni debe la kunde, pengine siku chache za palizi, pengine ni samahani tu, kwa kuwa mwaka juzi ng'ombe wa huyu alikula mtama wa yule. Kinyongo kinaweza kubaki, lakini hakuna anayelala kwa hofu.

Ngamia wakiingia, mambo ni mengine. Huja kundi zima, mara nyingi usiku au alfajiri, na jua likichomoza kilichobaki ni nyayo pana mchangani, matawi ya migunga yaliyokatwa na ndengu zilizolala chini. Mchungaji, kama ataonekana, ni kijana asiyejulikana jina wala ukoo, na huenda hata yeye si mwenye mifugo. Swali la kwanza la wazee, lile linalofungua kila kesi ya mifugo Ukambani, linakosa wa kulijibu: hawa ni wa nani? Naamini sehemu kubwa ya uhasama unaoitwa wa Wakamba na Wasomali mashariki mwa Kitui imejificha ndani ya swali hilo. Hasara isiyo na mwenyewe hutafutiwa mwenyewe, na anayepatikana upesi zaidi ni kabila zima.

Zombe ni kituo cha biashara katika eneobunge la Kitui Mashariki, wadi ya Zombe/Mwitika. Ukitazama magharibi unarudi kwenye vilima na mashamba yaliyosongamana kuelekea mji wa Kitui. Ukitazama mashariki nchi inashuka na kufunguka, nyanda kame za Endau na Malalani zikienda hadi Kaunti ya Tana River, na ng'ambo ya mto, Garissa. Mvua inayotegemewa huku ni ya Oktoba hadi Desemba, kwa sababu ile ya Machi hadi Mei imewaangusha wakulima miaka mingi mno. Kwa hiyo mwaka mzima wa familia umebebwa na msimu mmoja, na zao lenye pesa katika msimu huo ni ndengu. Kitui huongoza nchini kwa kuzilima, na mwaka 2018 serikali ya kaunti chini ya gavana wa wakati huo, Charity Ngilu, ilifanya kampeni kubwa ya kuzipanda ili mkulima aondokane na chakula cha msaada. Ndengu hukomaa kwa miezi miwili hadi mitatu. Huvunwa basi Januari na Februari, shule zinapokuwa zimefunguliwa na karo inadaiwa.

Ni majuma hayo hayo ambapo malisho ya upande wa Tana River na Garissa hukauka na mifugo huelekezwa magharibi. Mwaka wa mvua nzuri makundi huchelewa kuja au hayaji kabisa. Mwaka mbaya yanakuja mapema na yanakuja mengi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika Pembe ya Afrika, na Kenya ikapoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Mchungaji aliyewaona ng'ombe wake wakianguka mmoja mmoja hawezi kuambiwa asubiri Machi. Mkulima aliyepanda kwa mkopo naye hawezi kuambiwa avumilie.

Watu wameuawa. Wakulima wamepigwa risasi, wachungaji wamepigwa mishale ya sumu, familia za vijiji vya pembezoni zimeacha nyumba na akiba ya chakula na kukimbilia sokoni, na shule zimebaki na walimu wasio na watoto wa kufundisha. Haya yamejirudia mno hata taarifa zake zinafanana, na mara nyingi marehemu hutajwa kwa kabila kabla ya kutajwa kwa jina. Aliyemuua hatajwi kabisa. Mkamba aliyefiwa huambiwa kaka yake ameuawa na Wasomali. Msomali aliyefiwa huambiwa kijana wake ameuawa na Wakamba. Kesi mbili za mauaji, ambazo kila moja ina mtu aliyetenda, zinageuka kuwa deni la watu mamilioni dhidi ya watu mamilioni, na deni la namna hiyo halina mzee wa kuliamua.

Tumezoea kuambiwa kuwa huu ni ugomvi wa kale kati ya mkulima na mfugaji. Historia ya Kitui haikubaliani na usemi huo. Mkamba wa mashariki alikuwa mfugaji kabla ya kuwa mkulima wa ndengu. Kila utui ulikuwa na mashamba yake karibu na nyumba, na mbali zaidi kulikuwa na weu, malisho ya wote yasiyo na mwenyewe mmoja. Huko vijana walipelekwa na ng'ombe kwenye syengo, kambi za mifugo, wakakaa miezi wakinywa maziwa na kulinda mifugo dhidi ya simba na wavamizi. Nyanda zinazogombaniwa leo ndizo zilizokuwa weu. Waorma, wafugaji wa upande wa Tana, walifika huko na mifugo yao, Wakamba walivuka kwenda kuwinda ndovu, na wote walipigana, wakafanya biashara, wakapigana tena.

Kilichobadilika ni namna serikali ilivyoigawa nchi. Wakoloni waliifanya ardhi hii kuwa ya Taji la Uingereza, wakawawekea Wasomali mpaka wasivuke kuelekea Mto Tana, na kuanzia 1926 wakaifunga kaskazini yote kwa sheria iliyotaka kibali cha kuingia na kutoka. Uhuru ulipokuja, kaskazini iliingia moja kwa moja katika hali ya hatari na Vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga, vilivyodumu hadi 1967. Kwa mtoto aliyekulia Kitui neno shifta likawa jina la kila mwenye bunduki atokaye mashariki, na baadaye, kwa bahati mbaya kubwa, la kila Msomali. Mwaka 1989 serikali iliwapanga foleni Wasomali wa Kenya, raia waliozaliwa hapa, ikawachuja na kuwapa kadi ya pekee ya kuthibitisha uraia wao. Napenda tulitazame jambo hilo kutoka Zombe. Dola iliyoona umuhimu wa kumwekea alama mtu kwa kabila lake haijawahi kuona umuhimu wa kujua ng'ombe mia tano au ngamia mia mbili wanaovuka mpaka wa kaunti ni mali ya nani.

Ni mali ya watu. Viongozi wa Kitui wamesema hadharani kwa miaka mingi kuwa makundi makubwa ni ya matajiri wanaoishi mijini, na hata kaskazini kwenyewe si siri kwamba mfanyabiashara au mtumishi wa umma huweka akiba yake kwa ngamia, akaajiri vijana wa kuwachunga. Kijana huyo hulipwa kidogo. Akipoteza wanyama, yeye ndiye wa kuulizwa, kwa hiyo akikuta silanga, yaani bwawa, lenye maji karibu na shamba la ndengu ataingia. Mwenye mali yuko mbali na hasikii kelele. Wanaozikwa pande zote mbili ni maskini, na mtu pekee ambaye angeweza kulipa hayupo katika kikao chochote.

Hapo ndipo siasa inapoingia, na inaingia kwa urahisi kwa sababu kiti cha mwenye mifugo ni kitupu. Mwanasiasa wa Kitui hushika Kifungu cha 40 cha Katiba, kinacholinda mali ya mtu. Mwenzake wa kaskazini hushika Kifungu cha 39, kinachompa kila Mkenya haki ya kwenda na kuishi popote nchini. Wote wawili wanasema kweli, na kweli zao hazikutani kwa kuwa kila mmoja anawahutubia wapiga kura wake mwenyewe. Kisha huja mpaka. Kitui na Tana River hazikubaliani mstari upite wapi, na kila mkutano wa amani huishia kwenye ramani. Kifungu cha 188 kinasema mpaka wa kaunti hubadilishwa tu kwa pendekezo la tume huru, likipitishwa na theluthi mbili ya wabunge na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Aahidiye kumaliza suala hilo kwenye jukwaa sokoni Zombe anawadanganya wasikilizaji wake, na hilo nalisema kwa uchungu maana nimeona jinsi watu wanavyoshangilia.

Hofu ya ardhi ina mizizi mingine pia. Sehemu kubwa ya nyanda za mashariki haijapimwa wala kutolewa hatimiliki. Zombe yenyewe iko juu ya makaa ya mawe ya Bonde la Mui, yaliyogawanywa vitalu vinne, kitalu A kikiitwa Zombe–Kabati. Mtu anayeambiwa kuwa chini ya shamba lake kuna utajiri, na juu yake hana karatasi, huwatazama wageni wote kwa jicho moja, awe mchimbaji kutoka ng'ambo au mchungaji kutoka ng'ambo ya Tana.

Na bado maisha ya kila siku yanakataa kugawanyika. Mbuzi wa Kitui hupakiwa malorini kwenda Nairobi na kuishia Kiamaiko, ambako biashara ya nyama imeshikwa kwa kiasi kikubwa na watu wa kaskazini. Mafundi, walimu na wauza mboga wa Kikamba wamejenga maisha yao Garissa miaka na miaka. Walimu wengi kutoka nje waliiacha kaskazini baada ya shambulio la basi Mandera mnamo Novemba 2014, lililoua watu 28, na la Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2015, lililoua watu 148, lakini wapo waliobaki na waliorudi. Mwingi na Kitui mjini kuna maduka ya Wasomali ambako mkulima wa mashariki hununua unga na betri za tochi bila kuwaza kabila la muuzaji. Tofauti si fumbo. Muuza duka ana jina, ana mlango, ana jirani wa kumdhamini. Akikosea anajulikana pa kupatikana.

Kusini mwa kaunti hiyo hiyo, upande wa Mutha unaokaribiana na hifadhi ya Tsavo Mashariki, ndovu nao hutoka porini wakaharibu mashamba. Ndovu ni wa serikali. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa, na mkulima aliyeharibiwa mazao ana fomu ya kujaza na ofisi ya kuipeleka. Malipo huchelewa hadi watu wakakata tamaa, na malalamiko yao ni ya haki. Hata hivyo hakuna kijiji kilichoanzisha vita na kabila lingine kwa sababu ya ndovu.

Ngamia pia ana mwenyewe, na ana alama. Wasomali huwachoma ngamia wao alama za koo, na mzee wa Garissa akiiona moja atasema ni wa ukoo gani hata kabla ya kukaribia. Wakamba nao walikuwa na alama za koo kwa ng'ombe, kwa mizinga ya nyuki, hata kwa mishale, ili mnyama aliyepigwa porini ajulikane ni wa nani. Kenya ina sheria ya kuweka mifugo alama tangu ukoloni, na sheria ya magonjwa ya wanyama inataka kibali kabla ya mifugo kuhamishwa. Vyote hivyo vipo. Havijakutanishwa tu na chifu wa Zombe.

Wafugaji wa kaskazini walijaribu jambo linalokaribiana na hili wao kwa wao. Azimio la Modogashe la 2001 liliweka kanuni kwamba anayetaka malisho ya wenzake aombe kwanza kwa wazee, na likataja malipo ya damu, ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Siupendi upande huo wa pili. Maisha ya mwanamke kuhesabiwa nusu ni dhuluma, na ukoo kumlipia muuaji humfanya asifike mahakamani. Lakini kanuni ya kuomba kwanza ni ya thamani, kwa sababu mwombaji lazima ajitaje.

Kwa hiyo ningependa kuona kikao cha Agosti, kabla ya mvua na kabla ya mbegu kuingia ardhini, kati ya maafisa wa mifugo wa Kitui, Tana River na Garissa pamoja na wazee wa Zombe, Endau na Malalani. Kibali cha kila kundi kiwe na jina la mwenye mifugo mwenyewe, si la mchungaji, pamoja na namba ya simu yake, alama ya ukoo, idadi ya wanyama, njia watakayopita, silanga watakalonyweshea na tarehe ya kurudi. Nakala ikae kwa chifu na kwa kituo cha polisi. Kundi lisilo na kibali lirudishwe mpakani na polisi, si na vijana wenye pinde. Ndengu zikiliwa, afisa wa kilimo apime hasara na mwenye mifugo alipe kwa M-Pesa ndani ya mwezi. Mchungaji wake akiuawa, naye awe na afisa wa kudai uchunguzi kwa niaba yake, na aliyetenda ashtakiwe kwa jina lake. Matajiri wenye makundi makubwa watalipinga hili kwa nguvu, na baadhi yao wana marafiki katika majengo ya serikali kote kote. Hao ndio wa kuandikiwa barua za kwanza.