Ngoma Inapoingia Uwanjani

Katika Kiswahili, neno ngoma hubeba maana tatu kwa pamoja: ala ipigwayo, mchezo uchezwao, na shughuli yenyewe iwakutanishayo watu. Tamasha la MaKuYa, lililoanza Mtwara mwaka 2008 na kupewa jina kutokana na Wamakonde, Wamakua na Wayao, lilizitenganisha maana hizo. Sindimba, iliyofungamana na jando na unyago wa Wamakonde, ikiingia Uwanja wa Nangwanda Sijaona hupewa dakika chache tu. Na yule ambaye kijijini angeitikia na kuingia duarani, hapa huketi akapiga makofi. Hata hivyo, si haki kuyaita hayo maonyesho matupu. Kijana aliyelelewa mjini, ambaye kinyago amekizoea dukani, hapo hukiona kikicheza.